Sabuni ya Rafu ya Mbele

Unaisi alirudi kutoka mtoni na mikeka miwili ya msibani begani, imelowa na inamlemea, akaikuta rafu ya mbele imebaki ubao mtupu. Alicheka. Watu wa Vatukoro walikuwa wameondoka na lori lao asubuhi ile ile, na watani wale wakishapita mahali hawabakizi kitu ila kuta. Akaitua mikeka kwenye majani, akapangusa uso kwa upindo wa sulu, kitambaa alichojifunga kiunoni, akaingia chumbani kuchungulia uvunguni mwa kitanda. Maboksi manne ya sabuni nzuri yalikuwa pale pale alipoyasukuma, yamefunikwa blanketi la zamani. Akacheka tena, na safari hii alikuwa anajisifu.

Waliochukua vipande vya rafu ya mbele walikuwa wamechukua takataka. Sabuni ile ilikuwa imeharibika. Aliitengeneza Jumanne, siku ambayo mizani yake ndogo ya betri ilikuwa na wazimu, inasema gramu mia ukiweka mia na hamsini, naye hakugundua mpaka alipokwisha kumimina kostiki yote, yale magadi makali yanayounguza, ndani ya mafuta ya nazi na rojo la mapapai. Kesho yake vipande vilitoka jasho na kuota unga mweupe juu. Akagusa kimoja kwa ncha ya ulimi, kama wafanyavyo watengeneza sabuni wote, kikamchoma mpaka macho yakamtoka machozi. Ilipaswa kutupwa shimoni. Lakini Jumatano hiyo hiyo mzee Ilaitia alifariki, na Nasele nzima ikajua kwamba watani wa Vatukoro watakuja kuzika.

Kwetu bondeni, mtani si mgeni na si mwizi. Wazee husema vijiji hivi viwili vilikuwa na mzimu mmoja hapo zamani, kimoja kikapanda juu ya mto na kingine kikabaki chini. Kwa hiyo mtu wa Vatukoro akifika Nasele, chochote atakachokiona ni chake. Atamchinja kuku wako mbele yako na kukuuliza chumvi iko wapi. Atakuita maiti iliyosahauliwa kuzikwa, nawe utacheka, maana mwezi ujao utakwenda kwake kubeba godoro lake. Kununa ni aibu, na kumkatalia ni aibu zaidi. Kumficha kitu ndilo jambo ambalo halina hata hadithi, kwa sababu hakuna anayedhani kwamba mtu mzima anaweza kulifanya.

Unaisi alilifanya. Tumweleze mwanamke huyu kwa haki, tusije tukamhukumu haraka. Miaka kumi na miwili alisimama kwenye banda la kuchagulia mapapai, upande wa chini wa bonde, mahali matunda yanapopangwa kwenda ng'ambo. Papai lenye kovu lilitupwa. Lililopinda shingo lilitupwa. Lililoiva siku moja kabla ya wakati wake nalo lilikwenda kwenye lundo, na lundo lilikuwa refu kuliko wachaguaji. Wanawake walikanyaga rojo lile kutwa nzima na miguu mitupu, wakilaani. Ni Unaisi peke yake aliyetazama visigino vyake siku moja kanisani na kuona vimekuwa laini kama vya mtoto, yeye aliyezaliwa na kulelewa shambani. Kuanzia hapo akawa anaondoka na kiroba cha takataka kila jioni. Wenzake walimwuliza kama nyumbani amefuga nguruwe au mume.

Alijifunza kwa kuharibu. Maganda aliyakausha juu ya paa na kuyaloweka kwenye mafuta ya nazi wiki tatu, akapata mafuta ya kupaka. Mbegu alizisaga, zikawa za kusugulia magoti na viwiko. Rojo likaingia kwenye sabuni, na sabuni hiyo aliipumzisha rafuni wiki sita kabla ya kumpa mtu. Ilikuwa sabuni nzuri kweli. Mwaka huu hoteli moja ya pwani ilimwagiza maboksi manne ya kwanza, yafike Jumatatu, na wakipendezwa watachukua kila mwezi. Kisha akasikia watani wanakuja. Aliyaona maboksi yale yakipanda lori la Vatukoro huku yeye amesimama anacheka kama mila inavyotaka.

Usiku wa Alhamisi akayaficha. Halafu akafikiri kwamba rafu tupu itawafanya watani watafute, nao wakitafuta watafika mpaka uvunguni. Basi akachukua ile sabuni iliyoharibika, akaikung'uta unga, akaipanga vizuri kwenye rafu ya mbele, vipande ishirini na viwili. Alijiambia watafulia nguo tu, au watanawa mikono mara moja, itawawasha kidogo, watamtukana, na huo nao utakuwa utani. Alifikiria mikono ya wakulima wa mihogo, ambayo hata mwiba huomba ruhusa kuingia.

Sasa alikuwa anaanika mikeka na kuimba kwa pua. Makereta, jirani yake, alikuwa ng'ambo ya ua anakung'uta blanketi, na yeye pia alikuwa anacheka. Akamwambia Unaisi kwamba amekosa mchezo. Vaciseva, yule bibi mnene wa Vatukoro mwenye sauti ya kengele, alikuwa amejaza sabuni zote ndani ya sulu yake, akapanda lori huku sulu inamvuka, akapiga kelele kijiji kizima kisikie. Unaisi akauliza alisema nini.

Makereta akasema, "Alisema mjukuu wake leo anafanyiwa sherehe ya kitovu, na atamwogesha kwa sabuni ya maiti wa Nasele mpaka ang'ae kama papai."

Mkeka ulimtoka Unaisi mikononi. Alimjua mjukuu huyo, bonde zima lilimjua. Torika, mkwe wa Vaciseva, aliolewa miaka sita bila mtoto, na mtoto wa kike alipopatikana hatimaye, watu walipiga kengele ya kanisa siku ya kazi. Alikuwa na siku kumi. Ngozi ya mtoto wa siku kumi haijui hata jua.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na Unaisi alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni bila kulihitaji hata siku moja. Alikimbilia simu. Akalitafuta jina la Vaciseva. Simu iliita muda mrefu, halafu sauti ya kengele ikapokea katikati ya kelele za wanawake na vyombo.

"Vaciseva, nisikilize. Ile sabuni msimwogeshee mtoto."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Unaisi. Ina kostiki nyingi, imeharibika. Itamchoma."

Akamsikia akiwageukia watu wake. "Jamani, njooni msikie. Maiti ya Nasele inalilia sabuni."

Vicheko vikajaa masikioni. Unaisi aliapa kwa kanisa, aliapa kwa kaburi la mama yake. Kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, na si kwamba walikuwa wapumbavu. Mwaka jana ni yeye huyu aliyewapigia simu kuwaambia daraja limekatika. Wakazunguka milimani saa tatu nzima na magimbi yao ya harusi, wakafika Nasele wakakuta wenyeji wamejipanga juu ya daraja lile lile wanapiga makofi. Simu ile ilikuwa na sauti kama hii, yenye kuhema na kilio ndani yake, na alikuwa ameifanyia mazoezi.

"Itamchubua ngozi, ndugu yangu. Nasema kweli."

"Itamchubua yeye au inakuchubua wewe? Kuku wawili tumechukua hukusema kitu, sabuni ndiyo inakutoa machozi. Kumbe una roho ya korosho, hujatuambia siku zote hizi. Maji yako motoni. Saa tano anaoga, saa sita tunakula. Kalale."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa. Ya Torika haikupatikana. Akamwomba Makereta apige kwa shemeji yake aliyeoa huko. Shemeji alisikiliza nusu ya habari, akasema safari hii hawadanganyiki, salamu kwa daraja. Hapo Unaisi aliielewa hatari yote. Nasele nzima ni watani wa Vatukoro, hivyo hapakuwa na mdomo hata mmoja kijijini ambao ungeaminiwa siku ile. Mchungaji angesikilizwa, maana kwao ni visiwani, lakini alikuwa ameshuka mjini na basi la alfajiri na simu yake ilikuwa inaita tu. Apenisa, mume wa Unaisi, alikuwa kwenye nyumba ya msiba tangu jana anakunywa yaqona, kinywaji cha mizizi chenye kulegeza mwili, na hata kama angeweza kusimama, naye ni mtani.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Basi la kwenda juu hupita saa sita. Unaisi akamwomba Makereta farasi wa mumewe, na Makereta, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, akamletea bila tandiko kwa sababu tandiko nalo lilikuwa limepanda lori la watani.

Hakuwa amepanda farasi tangu ujana. Alimpiga visigino, farasi akaanza kwa kusitasita, halafu akashika njia ya mto kwa mwendo wa kutingisha meno. Kwa njia hiyo Vatukoro ni saa moja na nusu kama mto umekubali. Alipita mashamba ya tumbaku na ya mahindi, alipita banda la mapapai ambako wanawake wawili walimpungia mkono, hakuwaona. Kichwani alikuwa anapima. Kostiki ilizidi nusu nzima. Ulimi wake mwenyewe, ulimi wa mtu mzima anywaye chai ya moto, ulichubuka siku mbili. Akajaribu kutofikiria macho ya mtoto na hakuweza kufikiria kitu kingine.

Alijikasirikia kwa maneno ambayo sitayaandika. Alijisemea kwamba kama angeacha mila ifanye kazi yake, kama maboksi yangekaa rafuni, Vaciseva angekuwa sasa hivi anamwogesha mjukuu kwa sabuni nzuri kuliko zote za bonde, na yeye angekuwa anacheka na kulia kidogo pembeni, na hoteli ingengoja. Hoteli si ndugu ya mtu. Haikuwa imezika na yeye hata mara moja.

Mto ulikuwa umepanda kwa mvua za milimani. Farasi aliingia mpaka kifuani, akasimama katikati, akakataa. Unaisi alimbembeleza, alimtukana, mwishowe akashuka, akashikilia manyoya ya shingo, akamvuta huku maji yanambeba miguu. Walitokea ng'ambo chini sana kuliko walikokusudia, kwenye matope. Simu ilikuwa imelowa. Hakujua tena ni saa ngapi, akalitazama jua, nalo lilikuwa juu.

Moshi wa tanuri za ardhini ulikuwa umetanda juu ya Vatukoro. Wanaume waliokuwa wanafunua magimbi walimwona anaingia amelowa, amepoteza kandambili moja, nywele zimemsimama, wakashangilia. Mmoja alimwuliza kama Nasele imekuwa na mafuriko au hatimaye wameamua kuoga. Alipita katikati yao bila kujibu, na kutojibu huko wakakupigia makofi, maana kwa kweli alikuwa anaigiza vizuri mwaka huu.

Nyumba ya Vaciseva ilijaa wanawake waliokaa kwenye mikeka kuta hadi kuta. Katikati palikuwa na beseni la maji ya vuguvugu yenye majani. Torika alikuwa ameegemea mto kwenye kona, bado mdhaifu, macho hayambanduki mtoto. Vaciseva alikuwa amempakata mjukuu mapajani, uchi, mwekundu, amekunja ngumi. Kwenye mkono wa kulia alikuwa na kipande cha sabuni, povu limeshafika kwenye kifundo chake. Viganja vile vilikuwa vimechimba mihogo miaka hamsini na havikuhisi kitu.

"Ameifuata," Vaciseva akasema kwa furaha kubwa. "Sikuwaambia? Ameifuata sabuni yake mpaka hapa."

Unaisi akasema itamchoma mtoto, iweke chini. Walicheka. Akasema ni kostiki, mizani ilikuwa mbovu. Mwanamke mmoja akaigiza sauti yake, mizani ilikuwa mbovu, na daraja lilikuwa limekatika, na vicheko vikatikisa nyumba. Akachukua kipande kingine kilichokuwa kando ya beseni, akakichovya majini, akakisugua kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake mwenyewe, kwa nguvu, akiwaonyesha. Walimtazama wakingoja mchezo uendelee. Kostiki haiunguzi papo hapo kama moto, inachukua muda wake, na mkono ulibaki mkono tu.

Ndipo Vaciseva akapaka povu mguu wa mtoto.

Unaisi alirukia beseni. Wanawake wanne walimdaka, wakamshika viwiko na kiuno, wakipiga vigelegele kwamba anaiba mjukuu, mtani anaiba mjukuu, mfungeni. Hakuna aliyemshika kwa ubaya. Walimshika kama unavyomshika dada yako kwenye ngoma, na kadiri alivyokukuruka ndivyo walivyocheka na kumkumbatia. Mtoto alianza kulia.

"Analia kama watu wa Nasele," Vaciseva akasema, na akauinua mguu wa pili.

Torika peke yake hakucheka. Kilio kile hakikuwa cha baridi, na mama anajua. Lakini alikuwa mkwe, mbele ya mama mkwe wake na ukoo wote, siku ya sherehe, akainuka nusu, akakaa tena.

Unaisi aliacha kukukuruka. Waliomshika wakamwachia kidogo. Alikuwa ametumia kila kitu alichokuwa nacho: kiapo, mkono wake, machozi. Kila kitu kilikuwa kimeingia kwenye utani na kuwa kicheko. Likabaki jambo moja ambalo asingetaka hata Mungu alisikie likisemwa kwa sauti.

Akajitoa mikononi mwao, akarudi nyuma mpaka mlangoni, mahali wanapokaa wasio na cheo, akakaa chini na kukunja miguu. Akainamisha kichwa. Kisha akakunja viganja na kupiga makofi yale mazito ya polepole, mara tatu, kama mtu anayekwenda kuomba radhi kwa mkubwa. Mtani hampigii mtani makofi hayo. Vicheko vilipungua, si kwa kuelewa, ila kwa kushangaa.

"Sabuni nzuri ninayo," alisema. "Maboksi manne. Yako uvunguni mwa kitanda changu, nimeyafunika blanketi. Niliyaficha kabla hamjafika ili msiyaone. Hiyo mliyochukua niliiweka rafuni kusudi, mkiona kitu msitafute zaidi. Niliwaficha, Vaciseva. Niliwaficha nyinyi."

Wanawake waliokuwa wamemshika walisogea mbali naye. Hata wanaume nje waliacha kufunua magimbi, na mtoto akasikika peke yake. Mtu hutania kwamba ameua, kwamba amemtorosha mume wa mtu, kwamba ameuza kengele ya kanisa. Hakuna mtu aliyewahi kutania kwamba amemficha mtani wake, kwa kuwa hakuna cha kuchekesha ndani yake. Wote waliamini mara moja.

Vaciseva alitazama kipande kilichokuwa mkononi mwake kana kwamba kimewekwa pale na mtu mwingine. Akakiweka chini. Torika alikuwa ameshainuka kutoka kwenye kona, mkwe au si mkwe, akamnyakua mtoto na kutoka naye mbio mpaka kwenye bomba, akafungulia maji juu ya mguu ule, akayaacha yatiririke, yatiririke. Wanawake walimzunguka. Muda ulipita ambao Unaisi hakuuhesabu. Halafu mmoja akarudi na kusema ni mguu mmoja tu, wayo umekuwa mwekundu na kisigino kimechubuka mahali padogo kama ukucha, macho mazima, mwili mzima.

Unaisi alibaki pale mlangoni. Mkono wake ulikuwa umeanza kuwaka sasa, alipousugua, na hakuugusa. Vaciseva alinawa kwenye beseni, akamwaga maji nje, akachota mengine, akanawa tena. Aliporudi alisimama mbele ya Unaisi, mwanamke aliyemwita maiti, kunguru, mke wa nguruwe kwa miaka thelathini bila kukosea hata siku moja.

"Asante kwa kuja, mama," akasema kwa upole. "Karibu unywe chai."

Hayo ni maneno ya kumwambia mgeni, na Unaisi hakuwa amewahi kupigwa kofi lililouma vile. Alikunywa chai ile kwa kuwa kukataa asingeweza. Walimpa kikombe kizuri, chenye kisahani. Walimpa sukari kwa kijiko, wakamuuliza kama inatosha. Mtu akamsafisha mkono kwa maji na kuufunga kitambaa. Hakuna aliyemtukana, na farasi wake aliporudishwa alikuwa ameshibishwa na kupewa tandiko.

Jumapili hakuna anayesafiri, watu wakaenda kanisani. Jumatatu maboksi manne hayakushuka pwani. Yalipanda juu ya mto, pamoja na fungu la mizizi ya yaqona, na Apenisa aliyatoa mbele ya wazee wa Vatukoro kwa maneno yote yanayotakiwa. Wazee walipokea, wakapiga makofi, wakasema limekwisha. Kwa midomo lilikwisha. Vaciseva alichukua kipande kimoja, akakinusa, akasema kinanukia vizuri sana, akashukuru, akamrudishia Apenisa sabuni nyingine zote.

Hoteli ilipata sabuni kwingine. Hilo Unaisi alilisikia kama unavyosikia mvua ya kijiji cha mbali. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa rafu yake. Kila asubuhi aliipanga sabuni iliyokomaa kwenye rafu ya mbele, ile bora, na mafuta ya maganda kwenye chupa zilizooshwa, na mbegu zilizosagwa. Aliacha mlango wazi. Watu wa Vatukoro hupita Nasele wakienda sokoni, na walipita. Waliingia, wakakaa, wakauliza hali ya mkono wake, wakaisifu sabuni, wakasema haya mama, tutaonana. Sabuni ilibaki rafuni. Alijaribu kumtukana mmoja wao, kijana wa lori, alimwita mzoga wa popo. Kijana alitabasamu kwa adabu na kusema asante. Unaisi aliingia ndani akalia.

Mficha uchi hazai, husema watu. Yeye alikuwa ameufunua uchi wake wote mbele ya nyumba nzima na mtoto amepona, kwa hiyo hakuwa na haki ya kulalamika, na hakulalamika. Alisimama bandani, akabeba viroba vyake vya mapapai yenye kovu, akapima kostiki kwa mizani mpya mara tatu tatu, akagusa kila sabuni kwa ulimi. Hivyo ikapita miezi minane.

Siku moja ya mwezi wa tano alikuwa nyuma ya nyumba anamwaga mbegu juu ya mabati zikauke. Aliposhuka ngazi aliona kamba ya nguo haina kitu. Alizunguka mbele. Rafu ilikuwa tupu, si sabuni tu, hata chupa, hata kitambaa cha kuifunika. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa haina mfuniko. Jogoo hakuwepo. Makereta alikuwa ng'ambo, ameegemea ua, anamngoja kwa hamu.

"Vaciseva alikuwa na mtoto kiunoni," Makereta akasema. "Anatambaa sasa, ana visigino vizuri hivyo. Amesema nimwambie yule maiti kwamba sabuni inanuka mguu wa mbwa, na mjukuu anakua, safari ijayo uongeze."

Unaisi alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaufunika uso kwa viganja viwili, akalia mpaka Makereta akaruka ua kuja kumshika. Jioni Apenisa alirudi akauliza sulu yake ya kanisani iko wapi. Mkewe akamjibu kwamba imechukuliwa na watani, Mungu ashukuriwe, na akaenda kupika bila mfuniko.